Asubuhi ya baridi mtoni: namna ninavyotembea na kamera

Wanaotaka kupiga picha za mtoni huniuliza kwanza kuhusu lenzi. Mimi huwauliza usiku ulikuwaje. Anga lilikuwa wazi? Upepo ulitulia? Kulipoa sana? Majibu hayo yana uzito kuliko lenzi yoyote, kwa sababu asubuhi ya baridi picha ya mtoni inatengenezwa na tofauti ya joto kati ya maji na hewa. Ukiielewa tofauti hiyo utajua utoke saa ngapi, ushike ukingo upi, na hata kamera uitunzeje ukirudi nyumbani.

Maji huchelewa kupoa. Kupasha kilo moja ya maji kwa nyuzi moja kunahitaji nishati karibu mara nne ya ile inayohitajika kwa kilo moja ya hewa, na kilo hiyo ya maji imekaa ndani ya lita moja tu, wakati kilo ya hewa inajaza karibu lita 800. Kwa hiyo mto unafika alfajiri ukiwa bado na joto la jana. Ardhi je? Usiku usio na mawingu ardhi hupoteza joto lake kuelekea angani, hewa iliyoigusa inapoa nayo, na kwa kuwa hewa baridi ni nzito, inateremka polepole kwenye miteremko mpaka bondeni. Huko inakutana na maji yenye joto kuizidi. Mvuke unaotoka majini unaingia kwenye hewa isiyoweza kuubeba wote, unageuka vitone vidogo mno, na mto unaanza kufuka kama sufuria iliyotoka kuepuliwa. Mawingu ya usiku yangelizuia joto la ardhi lisipotee, na upepo ungeichanganya hewa baridi na ile ya juu. Ndiyo maana nikitoka nje jioni nikaona nyota na majani ya miti hayatikisiki, nachaji betri zote.

Hapa kuna ukungu wa aina mbili, na wapiga picha wengi huuchukulia kama mmoja. Upo huo unaofuka juu ya maji, mwembamba, wa nyuzinyuzi, unaosogea na kukatika. Na upo ule unaotanda bonde zima, mzito, unaomeza miti ya ng'ambo. Wa kwanza unataka jua liwe mbele yako. Vitone vya ukungu hupeleka sehemu kubwa ya mwanga mbele, ule uelekeo ambao mwanga ulikuwa ukienda, kwa hiyo ukilipa jua mgongo ukungu unaonekana mweupe uliopauka, lakini ukilielekea unawaka. Kwa lugha ya miguuni: asubuhi tembea ukingo wa magharibi, mto uwe kati yako na jua. Mto ukijikunja, mpango huo unavurugika, nawe unasubiri mkunjo unaofuata uurudishe.

Ule mzito hauna haja na jua. Unachohitaji ni kitu kimoja karibu na wewe chenye umbo la kueleweka, kwa mfano mtumbwi uliofungwa, mti ulioinamia maji au nguzo ya daraja. Vilivyobaki viache vififie. Usiondoke haraka jua linapochomoza, kwani mara nyingi ukungu wa bondeni huongezeka kidogo mara tu baada ya macheo, hewa inapoanza kujichanganya, halafu ndipo hukatikakatika. Muda huo wa kukatika ndio ninaoupenda kuliko wote. Mchoraji wa Kifaransa Claude Monet aliutafuta pia: mwaka 1896 na 1897 alichora mfululizo wa asubuhi za mto Seine, huko Ufaransa, akiwa kwenye mashua kabla jua halijatoka, akibadilisha turubai kila mwanga ulipobadilika. Alibaki palepale, mwanga ukapita mbele yake. Nami nashauri hivyohivyo. Ukipata mahali pazuri ukungu ukiwa mzito, kaa hapo mpaka uishe. Kilomita utazitembea baadaye.

Kipima mwanga cha kamera kitakudanganya katika hali hii. Kimetengenezwa kikidhani kila kilicho mbele yake kina wastani wa kijivu, kwa hiyo ukungu mweupe kinaugeuza uwe kijivu na picha nzima inatoka na uso wa huzuni. Ongeza fidia ya mwangaza, yaani mpangilio wa kamera wa kuongeza au kupunguza mwanga, kati ya theluthi mbili za stopu na stopu moja na theluthi (stopu moja ni mwanga mara mbili). Angalia histogramu, ile grafu ya mwanga wa picha kwenye skrini ya kamera: rundo lisogee kulia, lakini lisigonge ukuta wa kulia, hasa pale jua lenyewe likiwa ndani ya fremu.

Faida nyingine ya baridi ni utulivu wa maji. Kabla jua halijapasha ardhi, hewa ya bondeni inalala tu, na maji ya kilindi yanakuwa kioo. Hapo watu husimama wima ukingoni na kupiga. Chuchumaa. Ukiyatazama maji moja kwa moja kwenda chini, yanarudisha kama asilimia 2 tu ya mwanga, na kilichobaki kinazama. Kadiri jicho linavyoshuka karibu na uso wa maji ndivyo yanavyorudisha mwanga mwingi, mpaka karibu wote. Kamera ikiwa kiunoni unapata taswira ya wastani, ikiwa shubiri moja juu ya maji unapata nyingine kabisa. Tena taswira ya majini si nakala ya kilicho juu. Maji yanakitazama kitu kutoka chini, kwa hiyo yanakuonyesha tumbo la daraja na upande wa chini wa majani ambao wewe, uliyesimama juu, huuoni. Ndiyo maana picha nzuri ya namna hii ukiigeuza juu chini haikai sawa.

Kuna sehemu moja ambayo huwa siipiti bila kusimama. Ni pale ukingo niliopo uko kivulini bado, ng'ambo kumeshapigwa na jua la kwanza, na maji katikati yana viwimbi vidogo. Kila kiwimbi kina pande mbili. Upande mmoja unachukua rangi ya dhahabu kutoka ng'ambo, wa pili unachukua buluu ya anga lililo juu yangu, na maji yenyewe, kwa kuwa yako kivulini, hayana mng'ao wa kuziharibu. Chukua lenzi ndefu, acha kingo zote nje ya fremu, piga maji matupu kwa kasi ya shata (pazia linaloingiza mwanga ndani ya kamera) ya 1/250 ya sekunde au zaidi ili mistari isiungane. Weka mizani ya weupe, mpangilio wa kamera unaosawazisha rangi ya mwanga, kwenye jua la kawaida, karibu kelvini 5500. Ukiiacha kamera ijichagulie, itajaribu kuifuta ile buluu, na buluu ndiyo nusu ya picha.

Filta ya polaraiza, kioo cha kuzungusha mbele ya lenzi kinachokata mng'ao, nayo ina mahali pake, ila si hapo. Mwaka 1815 mwanasayansi wa Scotland David Brewster alieleza pembe ambayo mwanga unaorudishwa na uso kama wa maji unakuwa umepangika uelekeo mmoja. Kwa maji ni kama nyuzi 53 kutoka wima. Ukitazama maji kwa mshazari huo na kuizungusha filta, mng'ao unapotea na mawe ya chini yanajitokeza na rangi zao. Naipenda kwenye maji ya kina kifupi yaliyo safi, na kwenye majani yenye umande, ambayo bila filta yanang'aa meupe badala ya kijani. Inakula stopu moja na nusu hadi mbili za mwanga, jambo zito alfajiri. Ukitaka taswira majini, ivue.

Baada ya ukungu kuisha, safari yenyewe inaanza. Mimi huanza kwa kupanda mto, kinyume na mkondo, na sababu kubwa ni picha. Ukitazama juu ya mto, maporomoko madogo yanakuelekea na unaona uso wao mweupe. Ukitazama chini ya mto unaona migongo laini tu, na mara nyingi huoni hata kama kuna mteremko. Basi nikiwa na nguvu na mwanga ni mzuri, napanda. Kurudi natembea tu.

Jifunze kusoma maji ukiwa njiani. Maji yakigonga jiwe lililojificha hufanya herufi V ambayo ncha yake inaelekea juu ya mto. Yakipita kati ya mawe mawili hufanya V nyingine, ncha ikielekea chini ya mto, na huo ndio mlango wenye kina. Waendesha mitumbwi huitegemea alama hii kupita salama, na mpiga picha anaweza kuitegemea kupanga fremu, kwa sababu V ya mlango ni mistari miwili iliyochorwa tayari inayoingiza jicho ndani. Kwa mistari hiyo natumia shata ya 1/4 hadi 1/2 ya sekunde, kamera ikiwa juu ya stendi. Mtindo wa kuacha shata wazi sekunde 30 mpaka maji yawe pamba siupendi kwenye mito. Unafuta kila alama inayotofautisha mto mmoja na mwingine.

Kwenye mikunjo, kumbuka maji yanakimbia zaidi upande wa nje. Huko ukingo unachimbwa kwa chini na unaweza kuwa nyasi na udongo mwembamba tu vilivyoning'inia juu ya hewa. Usiweke stendi hapo, wala mguu. Upande wa ndani maji yanapungua kasi na kuacha mchanga na kokoto; ni tambarare, na ndiko mto unakoonekana ukijikunja wote. Na maji yakianza kubadilika rangi, yakileta vijiti na majani mengi kuliko awali, panda juu mara moja. Huenda mvua inanyesha mbali usikokuona.

Kuhusu mwendo, mpanda milima wa Scotland William Naismith alitoa kanuni yake mwaka 1892: kilomita 5 kwa saa, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Mwenye kamera asijipangie kasi hiyo. Mimi nahesabu nusu yake, na nageuka kurudi kwa saa, siyo kwa umbali.

Kutembea na kamera kuna shida yake kwa mwili: unatembea unapata joto, unasimama muda mrefu, jasho linakupoza. Anza safari ukihisi baridi kidogo. Unapoona mahali pa kusimama, vaa koti kabla hujafungua begi, usingoje utetemeke. Fulana ya pamba ikilowa jasho haikufai tena, ya sufu inaendelea kukupa joto. Vidole navyo: maji hupitisha joto karibu mara 25 kuliko hewa iliyotulia, kwa hiyo mkono uliolowa unakufa ganzi upesi. Beba kitambaa, ukaushe mkono kabla ya kuvaa glavu.

Betri inateseka kwa sababu ya baridi hiyohiyo. Ndani ya betri ya lithiamu, ayoni, yaani chembe zinazobeba chaji, husogea kwa uzito joto likishuka, umeme unalegea, na kamera inasema betri imekwisha wakati bado ina chaji. Weka ya akiba mfuko wa ndani, karibu na mwili. Ile iliyogoma iingize hapohapo. Ikipata joto hurudisha sehemu ya nguvu yake. Na usipulizie lenzi ili kuisafisha. Pumzi yako ni mvuke wa joto, unageuka matone pale pale kwenye kioo.

Ndege wa mtoni asubuhi hiyo wamejifutua manyoya na wengi wamesimama mguu mmoja, wote wakihifadhi joto. Usiwarushe kwa ajili ya picha ya bawa, kwani kila kuruka kunawagharimu chakula ambacho bado hawajakipata. Mdiria hurudi mara kwa mara kwenye tawi lilelile. Tafuta tawi lenye michirizi ya kinyesi cheupe, kaa mbali, fokasi kwenye tawi, weka shata 1/1000 au zaidi, subiri. Lenzi ndefu inafaidika na saa hizi, kwani jua likishapasha kokoto za ukingoni hewa inaanza kucheza na hakuna lenzi itakayokupa ncha kali.

Ukirudi, ile tofauti ya joto inageuka. Sasa kamera ndiyo ya baridi, na hewa ya ndani ndiyo yenye mvuke. Ukiitoa kwenye begi mara moja, matone yatashika nje ya lenzi, na baya zaidi, ndani, ambako unyevu ukikaa hulea kuvu. Kabla hujaingia mlangoni, ifunge kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa. Matone yatashika juu ya mfuko, kamera itapata joto polepole ikiwa kavu. Iache saa moja au mbili, zaidi kwa lenzi kubwa. Na kwa kuwa najua hutavumilia muda huo bila kuziona picha, toa memori kadi ukiwa bado nje, ndipo ufunge mfuko.