Kivumbasi ni nini, na hutumikaje?

Kivumbasi ni kichaka chenye harufu kali kinachojiotea kando ya njia, kwenye mashamba yaliyoachwa na nyuma ya nyumba, pwani na bara ya Afrika Mashariki. Ni ndugu wa mrehani. Aina inayojulikana sana, Ocimum gratissimum, hurefuka mita 1 hadi 3. Matawi yake machanga yana pembe nne na majani yana meno pembeni. Ukilifikicha jani, vifuko vidogo vya mafuta hupasuka, na mara nyingi harufu inayokujia puani ni ya karafuu. Ndivyo inavyopaswa kuwa, kwani mimea mingi ya aina hii ina eujenoli, ileile inayoipa karafuu harufu yake. Mingine ina zaidi thimoli, kemikali nyingine yenye harufu kali.

Mafuta hayo huruka upesi yakipata joto, na ukilijua hilo umeshajua namna ya kukitumia. Kwenye supu au mchuzi wa samaki, majani hutiwa mwishoni, sufuria ikikaribia kuepuliwa. Nigeria, ambako mmea huuhuu ni kiungo cha kila siku, huyakatakata na kuyatia kwenye supu ya pilipili. Kwa chai, majani mawili matatu mabichi yanatosha: yamwagie maji ya moto, kisha funika kikombe kwa dakika tano. Usiache kufunika, maana ule mvuke unaopotea ndio wenyewe uliokuwa ukiutaka.

Kwa mbu ni kinyume chake: hapo mafuta yanatakiwa yaruke, ndiyo maana watu huweka matawi mabichi juu ya makaa jioni. Majaribio ya magharibi mwa Kenya yalionyesha kwamba kuyapasha moto majani ya jamii hii kunapunguza mbu ndani ya nyumba. Kunapunguza tu, chandarua kibaki palepale. Wakulima nao huchanganya majani makavu na mahindi au maharage ghalani kuzuia wadudu.

Kujifukiza kwa kivumbasi huleta nafuu pua zikiziba, na ni raha kweli, lakini hakutibu malaria wala nimonia. Mtoto mdogo asifunikwe shuka juu ya sufuria ya maji yanayochemka, ataungua. Mjamzito asinywe dawa nzito ya majani haya bila kuuliza kliniki.

Majani ya kuweka akiba yaanike kivulini, juani yatapoteza harufu.