Makofi matatu katika hatua nane

Kila mwaka mpya wa masomo lazima mmoja aje kunilalamikia. Safari hii alikuwa kijana kutoka Magu. Alisimama mlangoni, akanipa shikamoo yake vizuri, kisha akatoa la moyoni: "Mwalimu, mimi nimekuja kusoma kompyuta. Hivi vipindi vya kusikiliza muziki vitaniletea supu bure." Supu, yaani mtihani wa marudio.

Nikamuuliza kama amewahi kucheza Bugobogobo, ngoma ya majembe ya Wasukuma. Akacheka. "Kwetu nani hajaicheza?"

Basi nusu ya somo unalo, nikamwambia.

Vyuo vingi vya Marekani humtaka mwanafunzi wa shahada ya kwanza, hata wa kompyuta, achukue na kozi za sanaa. Mojawapo ni ya kusikiliza muziki: unakaa, unasikiliza, unajifunza kutaja unachokisikia. Wengi huichagua ili wapumzike. Kwetu hapa Mwanza ratiba imebana, kwa hiyo nimeipenyeza ndani ya somo langu la programu. Na sifanyi hivyo kwa sababu ya yale maneno kwamba ukimsikiliza Mozart unapata akili. Hayo siyauzi. Sababu yangu ni kwamba kosa la programu ambalo jicho limelipita mara kumi, sikio hulikamata mara moja.

Chukua hatua nane zinazolingana, kama sekunde nane za saa ya ukutani. Sasa gawa makofi matatu humo, yaachane kwa usawa kadiri inavyowezekana. Nane haigawanyiki kwa tatu, kwa hiyo utapata mwachano wa tatu, tatu, halafu mbili: PA-a-a PA-a-a PA-a. Piga mezani, rudia. Umeshaisikia, imejaa kwenye muziki wa Kuba, na rumba ya Kongo imeibeba pia. Mwaka 2005, Godfried Toussaint wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, alionyesha kwamba midundo mingi ya asili ya namna hii hutoka kwenye kanuni ya Euclid, ileile inayotafuta kigawo kikubwa cha shirika, KKS ya shule ya msingi. Euclid alikuwa Mgiriki aliyeishi zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na sidhani kama alikuwa na ngoma akilini.

Programu yake ni fupi mno. Hesabu hatua kuanzia 0 hadi 7. Kila hatua, zidisha namba yake kwa 3, gawanya kwa 8, tazama baki. Baki likiwa chini ya 3, piga, vinginevyo nyamaza. Hatua ya 0 inabakiza 0, piga. Ya 1 inabakiza 3, kimya. Ya 2 inabakiza 6, kimya. Ya 3 ni 9 toa 8, baki 1, piga. Endelea mwenyewe, pigo la mwisho liko hatua ya 6.

Hapo ndipo darasa linapochangamka, maana nusu yao huhesabu kuanzia 1 hadi 8 kama walivyozoea tangu chekechea. Programu haigomi. Hakuna maandishi mekundu. Ila mdundo unaanza na kimya, na kofi la mwisho linaangukia hatua ya nane, pale ambapo mkono ulitakiwa kupumzika. "Mwalimu, ngoma imechelewa kuingia," alisema yule wa Magu, hata kabla hajatazama kioo. Waliokariri madesa walikuwa bado wanasoma mstari kwa mstari.

Kipindi kinachofuata tunavuka ziwa kwa sikio hadi Buganda, kwenye amadinda, marimba ya mbao kumi na mbili. Wapigaji wawili wakuu wanakaa wakitazamana. Kila mmoja ana mapigo yake, yamenyooka, hayana mbwembwe, lakini ya huyu yanaingia kwenye nafasi za yule. Wa tatu anagonga mbao mbili za juu tu. Yakikolea, unasikia viitikio ambavyo hakuna mkono uliovipiga. Sikio limevikusanya lenyewe. Tangu nianze na amadinda, sijawahi tena kuhangaika kueleza programu mbili zinazokwenda sambamba. Zote mbili ziko sahihi, ila mmoja akiteleza nusu pigo tu, kinachovurugika ni kile ambacho hakimo katika programu yoyote kati ya hizo.

Kijana wa Magu haleti tena malalamiko ya supu. Ameleta jingine. Ameiandikia Bugobogobo programu, kila pigo limekaa mahali pake kabisa, na anasema haina jembe ndani. Ni kweli. Ngoma ile imezaliwa shambani, na mpigaji anawatazama walimaji: mikono ikichoka anawavuta, ikipata moto anawaachia. Kompyuta haimtazami mtu. Akajaribu kuchezesha mapigo kwa bahati nasibu, milisekunde chache mbele, chache nyuma. Ikatoka kama mpigaji aliyelewa. Tulicheka mpaka jirani wa ofisi akagonga ukuta.

Likizo anakwenda kwao kumrekodi babu yake. Nimemwambia asirekodi ngoma peke yake. Achukue na video ya majembe.