Trei za mayai hazizuii sauti: dhana potofu kuhusu kutuliza kelele

Studio nyingi za mtaani, kuanzia Mwananyamala hadi Kayole, zinafanana kwa jambo moja: kuta zimebandikwa trei za mayai kutoka sakafuni hadi darini. Mwenye studio amezikusanya kwa wauza chipsi, akazibandika kwa gundi, akafungulia spika akiamini jirani hatasikia kitu. Jirani anasikia kila kitu. Besi inampitia ukutani vilevile kama zamani, usiku wa manane, na ugomvi unaanza. Nimeulizwa jambo hili na vijana wengi wanaoanza kurekodi, na pia na watu wanaotafuta tu usingizi karibu na baa au ukumbi wa maombi. Karibu wote huuliza wakiwa wameshatumia fedha, na inaniuma, kwa sababu fedha hiyohiyo ingetosha kufanya kitu chenye maana.

Dhana: trei za mayai na sponji huzuia sauti isitoke nje

Hapa watu huchanganya kazi mbili. Ya kwanza ni kunyonya sauti ndani ya chumba, isigonge ukuta na kurudi kama mwangwi. Ya pili ni kuzuia sauti isivuke ukuta kwenda upande wa pili. Kitu kinachofaa sana kwa kazi moja mara nyingi hakifai kabisa kwa nyingine.

Aliyeiweka kazi ya kwanza kwenye mizani ni Wallace Clement Sabine, mwalimu kijana wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Mwaka 1895 alipewa jukumu la kurekebisha ukumbi wa mihadhara wa jumba la sanaa la Fogg. Humo neno moja likitamkwa lilining'inia hewani kwa takriban sekunde 5.5, na maneno yakapandana hata wanafunzi wasielewe. Sabine alifanya kazi usiku, mji ukiwa umetulia. Yeye na wasaidizi wake walibeba mito ya viti kutoka ukumbi wa Sanders, wakaipanga, akapiga bomba la kinanda, akapima kwa saa muda ambao sauti ilichukua kufifia, wakaongeza mito mingine, akapima tena. Kabla ya asubuhi mito ilirudishwa. Kazi hiyo ilimpa kanuni inayotumika mpaka leo: muda wa mwangwi hutegemea ukubwa wa chumba na jumla ya unyonyaji wa vitu vilivyomo. Kwa kanuni hiyo ulipangwa ukumbi wa Symphony Hall wa Boston, uliofunguliwa mwaka 1900 na ambao bado unasifiwa na wanamuziki.

Sasa tazama kipimo alichokichagua. Ili kusema kitu kinanyonya kiasi gani, alikilinganisha na dirisha lililo wazi, kwa sababu sauti ikitokea dirishani hairudi tena chumbani. Kwa hesabu yake, dirisha wazi linanyonya asilimia 100. Na dirisha hilohilo ndilo linalompelekea jirani kelele yote! Ukilielewa hili, umeelewa kwa nini sponji inaweza kusafisha mwangwi wa studio yako bila kumsaidia jirani hata kidogo.

Trei ya mayai haifanyi vizuri hata hiyo kazi ya kunyonya. Sauti ya mzunguko wa hezi 5,000, yaani mitetemo 5,000 kwa sekunde, kama sauti ya "s" inayochoma masikio, ina wimbi la urefu wa sentimita 7 hivi, na trei huigusa kidogo. Besi ya hezi 50 ina wimbi la karibu mita 7. Karatasi iliyobanwa, yenye vilima vya sentimita chache, haina la kuifanya. Matokeo yake sauti za juu zinafifia, besi inabaki ikivimba kwenye kona, na prodyuza anachanganya wimbo kwa kusikia asichopaswa kukisikia. Wimbo ukichezwa kwenye gari au simu, unakuwa mwingine.

Kinachozuia sauti ni uzito. Ukuta wa tofali za saruji zilizojaa, wa unene wa sentimita 15, una zaidi ya kilo 200 kwa kila mita ya mraba. Trei za mayai zinazofunika eneo hilohilo hazifiki kilo moja. Ukijumlisha, ukuta haukuongezewa kitu.

Dhana: ukuta ukiongezwa unene mara mbili, kelele inapungua nusu

Kelele haihesabiki hivyo. Desibeli, kizio cha ukubwa wa sauti, ni kipimo cha kuzidisha, wala si cha kujumlisha: spika mbili zenye desibeli 80 kila moja, zikipigwa pamoja, hutoa takriban 83, si 160. Ukiongeza uzito wa ukuta mara mbili unapata nafuu ya desibeli 5 au 6, ilhali sikio huhitaji upungufu wa desibeli 10 hivi ili lihisi kelele imeshuka nusu. Ndiyo maana kujenga ukuta wa pili uliotengana na wa kwanza kunalipa kuliko kunenepesha mmoja. Kuta mbili zisizogusana, katikati pana hewa na nyuzi za mawe zilizobanwa, zile mafundi wanazoziita rokwuli, hukata sauti vizuri zaidi kwa gharama ndogo zaidi. Sharti ni hilo la kutogusana. Msumari mmoja mrefu au ubao mmoja unaounganisha pande mbili huvusha mtetemo.

Dhana: mlango ni jambo dogo

Hili ndilo ningependa kila mtu alijue kabla ya kununua chochote. Chukua mlango wa upana wa sentimita 80 na urefu wa mita 2. Chini yake pana upenyo wa sentimita 1. Upenyo huo ni nusu ya asilimia moja tu ya eneo la mlango, lakini kwa sababu yake mlango hauwezi kuzuia zaidi ya desibeli 23, hata ungekuwa wa chuma cha pua. Ukuta uliopigwa plasta pembeni yake unazuia zaidi ya 40. Sauti, kama maji, haihitaji mlango mzima ili ipite.

Kwa hiyo anza na mlango. Weka mlango wa mbao nzito badala ya ule wenye uwazi ndani unaolia ukigongwa, funga mpira kwenye kingo zote za fremu, wa aina ileile ya milango ya gari, na chini weka kizingiti ambacho mlango unakibana ukifungwa. Ziba kwa silikoni matundu ya waya za umeme na nafasi kati ya fremu na ukuta. Angalia pia juu: nyumba nyingi zetu za kupanga kuta zinaishia kwenye dari, na juu ya dari pako wazi kutoka chumba cha kwanza hadi cha mwisho. Sauti hupanda, hutembea chini ya bati, na kushukia kwa jirani.

Dhana: sponji ni sponji, hata ya godoro inafaa

Hapa sitaki mtu apite haraka. Tarehe 20 Februari 2003, katika klabu ya The Station mjini West Warwick, Marekani, fataki za jukwaani zilishika sponji iliyobandikwa ukutani kutuliza sauti. Ilikuwa sponji ya kawaida ya poliyurethani, isiyo na kinga ya moto. Watu 100 walikufa. Tarehe 27 Januari 2013, katika klabu ya Kiss mjini Santa Maria, Brazili, fataki iliyowashwa na mwanabendi ilifika kwenye sponji ya dari. Walikufa 242, wengi wao wanafunzi. Tarehe 30 Oktoba 2015 ikawa zamu ya klabu ya Colectiv mjini Bucharest, Romania, kwa njia hiyohiyo, na walikufa 64.

Sponji ya namna hii huwaka kwa kasi na moshi wake una sumu ya sianidi. Watu hawasubiri moto uwafikie, moshi unawatangulia. Karatasi ya trei za mayai nayo huwaka upesi. Fikiria chumba kisicho na dirisha, mlango mmoja, waya za umeme zilizoungwa kwa mkono, kifaa kinachochemka na vijana saba ndani. Rokwuli haiwaki: mawe yake yanahimili zaidi ya nyuzijoto 1,000. Ukiifunga kwenye fremu za mbao na kuifunika kitambaa, inanyonya sauti kuliko sponji nyembamba yoyote. Ukikosa nafasi kwa ajili yake, bora chumba chenye mwangwi.

Dhana: safu ya miti uani hukata kelele za barabara

Miti inaficha gari, na macho yakikosa kuona, akili hutulia. Lakini safu moja au mbili za miti karibu hazibadilishi kipimo. Mamlaka ya barabara kuu ya Marekani hukadiria kwamba huhitajika msitu mnene wa upana wa mita 60 ili kelele ipungue desibeli 10. Ukuta imara unaokatisha mstari kati yako na gari hutoa nafuu ya desibeli 5 hivi.

Dhana: sailensa huifanya bunduki iwe kimya

Ya filamu hiyo. Hiram Percy Maxim alipata hataza ya sailensa mwaka 1909. Baba yake, Hiram Stevens Maxim, ndiye aliyebuni bunduki ya rashasha ya Maxim, ambayo Afrika inaikumbuka kwa uchungu. Sailensa huipa gesi ya moto vyumba vya kupanukia na kupoa kabla haijatoka. Hupunguza desibeli 20 hadi 35, na mlio wa bunduki unaokaribia 160 unabaki karibu na 130, kiwango kinachoumiza masikio. Tena risasi inayokwenda mita 800 kwa sekunde inaipita sauti, yenye mwendo wa mita 343, na mpasuko wake angani hauguswi na sailensa. Kampuni ya Maxim baadaye iligeukia sailensa za injini, kazi iliyokuwa na faida kwa watu wengi zaidi.

Dhana: kelele ya mvua kwenye bati haina dawa

Ipo. Bati linalia kwa sababu ni jembamba na huru kutetemeka. Sponji iliyowekwa kwenye dari, mbali na bati, haizuii mtetemo huo. Kinachosaidia ni kitu kinachogandamana na bati lenyewe. Ndiyo sababu vigae vya bati vilivyofunikwa chembe za mawe hulia kidogo. Kama bati limeshaezekwa, dari ya jipsamu iliyozibwa kingo zote na kutandikwa rokwuli kwa juu inaleta tofauti kubwa.

Dhana: ukiziba chumba, lazima uchague kati ya utulivu na hewa

Feni na kiyoyozi cha ukutani huzungusha hewa ileile. Hewa safi haiingii, na mwimbaji baada ya saa moja anaumwa kichwa. Suluhisho ni mfereji wa mbao wenye kona mbili au tatu, uliotandikwa rokwuli na kitambaa kwa ndani, mmoja wa kuingiza hewa na mwingine wa kutoa. Sauti inagonga kona na kunyonywa, hewa inapita. Ufanye mpana, hewa ipite polepole, maana hewa inayokimbia ina mvumo wake, na maiki inausikia.