Fedha uliyokwisha kuweka mezani si yako tena

Wachezaji wengi wa poka, mchezo wa karata wa kuwekeana dau, wanaoanza kupata uzoefu huamini kwamba, wakishaweka fedha nyingi mezani, hawana budi kufuata, yaani kulipa kiasi kilekile, kila dau linaloongezwa ili wasipoteze walichokwisha kutoa. Imani hiyo ni potofu, na kwa maoni yangu ndiyo inayowagharimu zaidi. Fedha iliyoingia mezani huhesabika kama zawadi ya mshindi, bila kujali nani aliiweka. Linalobaki kuamuliwa ni kama gharama ya kuendelea inalingana na uwezekano wa kushinda.

Tuchukue mchezo wa Texas Hold'em, aina ya poka ambamo kila mchezaji ana karata mbili mkononi na huziunganisha na karata tano za wote zinazofunuliwa mezani. Una kopa mbili mkononi, mezani zimo karata nne ambazo mbili ni kopa, na imebaki karata moja kufunuliwa. Kopa ni 13, hivyo zimesalia 9 kati ya karata 46 usizoziona: takriban asilimia 19.6 ya kukamilisha kopa tano, ambazo tuchukulie zitashinda. Mezani pana shilingi 20,000, na mpinzani anaweka 10,000. Utalipa 10,000 katika jumla ya 40,000, yaani unahitaji asilimia 25; basi weka karata chini, yaani jitoe, isipokuwa una sababu ya kutarajia kwamba atalipa zaidi ukizipata. Angeweka 5,000 tu, ungehitaji chini ya asilimia 17, na kufuata kungekuwa sahihi. Katika hesabu zote mbili, hakuna mahali palipouliza ni kiasi gani cha zile 20,000 kilitoka mfukoni mwako.