Mlima Kilimanjaro haukuwahi kuwa zawadi ya mtu

Wiki iliyopita pale Horombo, kambi ya kulala mlimani Kilimanjaro, nilimsikia mwongozaji kijana akiwasimulia wageni wake wakati wa chakula cha jioni. Malkia Victoria alikuwa na milima miwili yenye theluji, mjukuu wake wa Ujerumani hakuwa na hata mmoja, basi siku ya kuzaliwa ya mjukuu bibi akampa Kilimanjaro. Ndiyo maana, akasema, mpaka wa Kenya na Tanzania umepinda pale. Wageni wakafurahi, mmoja akaandika kwenye daftari lake. Nina zaidi ya miaka 20 nikiongoza wageni kwenye mlima huu, na hadithi hiyo nimeisikia kwa Wazungu, kwa Wakenya, kwa madereva wanaowachukua wageni uwanja wa ndege, na kwa wanafunzi wa sekondari wanaosema mwalimu ndiye aliyewafundisha. Nimechoka kuisahihisha mezani, mtu mmoja mmoja. Leo naiandika yote, pamoja na nyingine chache zinazopanda mlima nayo.

Tuanze na tarehe, kwa sababu tarehe peke yake zinatosha kuiangusha. Mpaka ulikubaliwa kwa barua walizoandikiana Lord Iddesleigh, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, na Hatzfeldt, balozi wa Ujerumani mjini London, tarehe 29 Oktoba na 1 Novemba 1886. Mjukuu anayetajwa, Wilhelm, alizaliwa tarehe 27 Januari 1859. Siku yake ya kuzaliwa iko mbali na Oktoba na Novemba. Wala hakuwa Kaizari: mwaka 1886 aliyekuwa kwenye kiti ni babu yake mzaa baba, Wilhelm wa Kwanza, na baba yake Friedrich alikuwa hai, ndiye mrithi. Wilhelm wa hadithi alikuja kushika kiti Juni 1888, mwaka mmoja na miezi saba baada ya mpaka kukubaliwa. Mwaka 1886 alikuwa kijana wa miaka 27 asiye na neno lolote katika mambo ya makoloni.

Halafu yasome maneno ya makubaliano yenyewe. Mstari unaanzia mdomo wa mto Umba, kule Vanga, unakwenda moja kwa moja hadi Ziwa Jipe, unalizunguka upande wa mashariki na kaskazini, unavuka mto Lumi, unapita katikati ya nchi ya Taveta na nchi ya Wachagga, unafuata chini ya mlima upande wa kaskazini, kisha unanyooka tena hadi Ziwa Victoria, pale ufuo wa mashariki unapokatwa na latitudo ya digrii 1 kusini. Anayepita Holili kwenda Taveta leo anavuka sentensi ile ile ya mwaka 1886.

Mpindo upo kweli, na hilo sibishani nalo. Chukua ramani na rula, unyooshe mstari kutoka Vanga hadi pale ziwani: utapita maeneo ya Moshi mjini na kilele chote kitabaki upande wa kaskazini. Huwa nawaagiza wageni wangu wafanye hivyo wenyewe, maana mtu akishika rula kwa mkono wake hasahau. Kwa hiyo mlima ulizungukwa kwa makusudi. Swali ni kwa nini, na jibu lake linavutia kuliko zawadi.

Mwaka 1884 Mwingereza Harry Johnston alikuja mlimani kwa jina la utafiti wa mimea na wanyama, akajipatia ardhi Taveta kwa mkataba. Mwaka 1885 Sultan Barghash wa Zanzibar, aliyeona Wajerumani wa Carl Peters wakikusanya mikataba bara, alimtuma jemadari wake Lloyd Mathews hadi Uchaggani, na wamangi, watawala wa Wachagga, wakakubali kuwa wako upande wa Sultan. Muda mfupi baadaye, Juni mwaka huo huo, akafika Karl Jühlke, mwenzake Peters, akafanya mkataba na Mangi Rindi wa Moshi, ambaye watu wa pwani walimwita Mandara. Basi London na Berlin walipoketi mwaka 1886, kila upande ulikuwa na karatasi yake. Uingereza ilishika ya Taveta, Ujerumani ikashika ya Moshi, na mstari ukapitishwa katikati ya Taveta na Uchagga, kama maneno yanavyosema. Karatasi ya Sultan ndiyo iliyotupwa. Yeye aliachiwa ukanda wa pwani wa upana wa maili 10.

Ndiyo maana hata toleo la pili la hadithi, kwamba mlima ulibadilishwa na Mombasa, halisimami. Mombasa wakati huo ilikuwa ndani ya ukanda wa Sultan, na kwa jina ukanda ule wa Kenya ulibaki wa Sultan hadi 1963. Kubadilishana kulikotokea kweli ni kwa Julai 1890: Ujerumani ilipewa kisiwa cha Heligoland katika Bahari ya Kaskazini, ikaachia Witu, karibu na Lamu, na kukubali ulinzi wa Uingereza juu ya Zanzibar. Mpaka wa Kilimanjaro ulikuwa umekwisha kukatwa miaka minne nyuma.

Kinachoniudhi zaidi ya tarehe ni watu wanaofutwa. Katika hadithi ya bibi na mjukuu hakuna Mchagga hata mmoja. Mlima unapita mkono kwa mkono kama keki, na kama hapakuwa na mtu chini yake. Lakini Rindi alikuwa mtawala mwenye hesabu zake. Alikuwa na wapinzani, mkubwa wao Mangi Sina wa Kibosho, na aliwapokea Waingereza, watu wa Sultan na Wajerumani kwa zamu, akipima nani atamfaa. Alifariki mwaka 1891. Mwanawe Meli alipigana na Wajerumani, na mwaka 1892 akawashinda vitani kabla ya kushindwa mwaka uliofuata. Walimnyonga Old Moshi tarehe 2 Machi 1900 pamoja na viongozi wengine, na wajukuu zake hadi leo wanakitafuta kichwa chake kinachosimuliwa kuwa kilipelekwa Ujerumani. Mwongozaji mwenzangu, ukitaka hadithi ya kuwakalisha wageni kimya Horombo, hiyo hapa. Ina majina, ina mahali pa kuonyesha kwa kidole ukirudi chini, na ni ya kwetu.

Sasa nyingine, kwa haraka, isipokuwa moja inayohusu uhai wa watu.

Kwamba juu kileleni oksijeni ni asilimia ndogo. Karibu kila mgeni anasema hivyo, na waongozaji wengi pia. Hewa ya kilele cha Uhuru, mita 5,895, ina asilimia 21 ya oksijeni sawasawa na hewa ya Tanga. Kinachopungua ni kanieneo ya hewa, yaani msukumo wake: kule juu ni karibu nusu ya ile ya baharini, kwa hiyo kila pumzi inaingiza karibu nusu tu ya oksijeni uliyoizoea. Mtu ataniuliza, tofauti ni nini kama mwisho wake ni ule ule? Tofauti ni kwamba ukielewa kuwa kanieneo ndiyo tatizo, unaelewa kwa nini dawa ya kwanza ni kumshusha mgonjwa. Ukishuka mita mia kadhaa tu kanieneo inaongezeka, na mtu aliyekuwa hawezi kusimama anaanza kuongea vizuri.

Na hapo inaingia imani inayozaa machela nyingi kuliko zote: mwenye mazoezi haugui ugonjwa wa kimo. Nimewashusha wakimbiaji wa marathoni kwa machela usiku wa manane, huku mama mwenye mwili mzito, aliyetembea pole pole tangu Marangu, akipiga picha kileleni. Mazoezi yanasaidia miguu na mapafu kufanya kazi. Hayauharakishi mwili kuzoea kimo, na kijana mwenye nguvu ana hatari yake ya ziada kwa sababu anaweza kupanda haraka kuliko mwili wake unavyozoea. Diamox nayo, kidonge cha ugonjwa wa kimo, si dawa ya kuficha maumivu wala si ruhusa ya kukimbia. Inausaidia mwili kupumua zaidi na kuzoea mapema, basi. Ukiona mgeni anayumba kama mlevi au anajibu maswali ovyo, usimpe kidonge ukamwambia avumilie hadi asubuhi. Mshushe saa hiyo hiyo, hata kama ni saa nane za usiku na hata kama amelipia siku zake zote. Nasema hivi kila ninapokutana na kampuni zinazouza njia ya Marangu kwa siku tano: ongezeni ile siku moja ya kulala Horombo mara mbili. Panda mchana hadi Zebra Rocks, rudi ulale chini. Hakuna kitu kingine cha bei ile kinachofikisha watu wengi kileleni.

Wapo pia wanaodhani juu kuna joto kwa kuwa tumelikaribia jua. Jua liko kilomita milioni 150 kutoka hapa, na mlima wote haufiki hata kilomita sita. Hewa inapoa takriban digrii 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kinachokuchoma uso kule juu ni mionzi iliyopita kwenye hewa nyembamba, kwa hiyo paka mafuta ya jua hata kama unatetemeka kwa baridi.

Wageni wanaotokea Kenya hufika na video ya Nanyuki. Kijana anasimama kwenye mstari wa ikweta na beseni lenye tundu. Hatua chache kaskazini maji yanazunguka upande mmoja, hatua chache kusini yanageuka, na kwenye mstari yanashuka bila kuzunguka. Kayabwe, Uganda, wanaonyesha vivyo hivyo. Nguvu ya kuzunguka kwa dunia ipo, ndiyo inayogeuza vimbunga vikubwa baharini, lakini karibu na ikweta ni sifuri au karibu na sifuri, ndiyo sababu vimbunga havizaliwi pale. Haiwezi kuligeuza beseni kwa hatua ishirini. Upande wa mzunguko unatokana na jinsi maji yalivyomiminwa na mkono ulivyolizungusha beseni kabla ya kuachia tundu. Mwaka 1962, kule chuo cha MIT nchini Marekani, mtafiti Ascher Shapiro aliona athari hiyo ndani ya tangi, lakini ilimbidi ayaache maji yatulie saa 24, tena alikuwa mbali sana na ikweta. Mtazame mikono kijana wa Nanyuki, usiyatazame maji.

Jina la mlima. Utaambiwa kwa uhakika kwamba "njaro" ni kung'aa, au weupe, kwa Kiswahili. Tafuta neno hilo katika kamusi ya Kiswahili, halimo. Mmisionari Ludwig Krapf, aliyeishi pwani miaka mingi, katika kitabu chake cha 1860 alitoa maana mbili tofauti, mlima wa ukuu na mlima wa misafara, kwa hiyo hata wakati huo hapakuwa na jibu moja. Isitoshe, Kiswahili kinasema kilima kwa mlima mdogo, na hiki si kidogo. Wachagga walikuwa na jina la kila kilele, Kipoo na Kimawenze, na hayo ndiyo Kibo na Mawenzi tunayoyatamka leo. Na kwa kuwa tupo hapo: Johannes Rebmann, mmisionari mwenzake Krapf, hakugundua theluji ya mlimani tarehe 11 Mei 1848. Aliiona siku hiyo akiwa na kiongozi wake wa msafara kutoka pwani, aliyekijua kile cheupe na kukiita kwa neno moja tu, baridi. Waliobisha walikuwa wanajiografia wa London, na walibisha kwa miaka.

Kuna wanaoniuliza Serengeti iko upande gani, kwa sababu wimbo mmoja wa Marekani wa mwaka 1982 unasema Kilimanjaro kinainuka juu ya Serengeti. Ni zaidi ya kilomita 200, na nyanda za juu za Ngorongoro ziko katikati. Zile picha za tembo na mlima nyuma yao zimepigwa Amboseli, Kenya.

"Hakuna matata" nayo haikutungwa na filamu ya simba ya mwaka 1994. Them Mushrooms wa Mombasa waliiimba mwaka 1982, na watu wa pwani walikuwa wakiisema bila wimbo wowote. Bara Tanzania mgeni atasikia zaidi "hakuna shida", na ni vizuri umwambie, kwa sababu ananunua fulana yenye maneno hayo halafu anashangaa wagumu wake, yaani wapagazi, hawayasemi.

La mwisho, kwa yule mzazi aliyeniuliza getini kama mwanawe yuko salama kwa kuwa volkano hii imekufa. Kati ya vilele vyake vitatu, Shira imekufa, Mawenzi imekufa. Kibo imelala. Ndani ya kreta ya Reusch, shimo la volkano lililo juu ya Kibo, bado kuna mashimo yanayotoa mvuke wenye harufu ya kiberiti, na ukipata siku ya ziada na ruhusa ya kufika huko, nenda na mtu anayeijua njia, mapema asubuhi kabla upepo haujaanza.