Je, wajua jinsi mwenye magazeti alivyomfungulia Hitler mlango?

Mwaka 1890 Ujerumani na Uingereza zilibadilishana mali ya watu. Ujerumani ilikubali Zanzibar iwe chini ya ulinzi wa Waingereza, ikaachia na madai yake ya Witu, kule Lamu. Yenyewe ikapewa Heligoland, kisiwa kidogo cha Bahari ya Kaskazini. Huko kwao wapo waliokasirika sana, wakaona taifa lao limepunjwa. Mmoja wao alikuwa kijana wa miaka 25, Alfred Hugenberg. Mwaka uliofuata akawa miongoni mwa waanzilishi wa umoja wa wazalendo wa siasa kali, pamoja na Carl Peters, yule ambaye watu wa Tanganyika walimpa jina la Mkono wa Damu.

Hitler kila mtu anamjua. Hugenberg hatajwi sana, na ndiyo maana naandika habari zake. Watu huuliza: ilikuwaje chama cha Nazi, kilichopata asilimia 2.6 tu ya kura mwaka 1928, kikashika nchi miaka mitano baadaye? Hutajwa mdororo wa uchumi, ukosefu wa ajira, uchungu wa kushindwa katika Vita Kuu ya Kwanza. Yote ni kweli. Lakini mtu mwenye hasira huhitaji kuambiwa amkasirikie nani, na huhitaji kuambiwa na mtu anayemwamini. Hapo ndipo Hugenberg anapoingia.

Hakuwa mwandishi wa habari. Kuanzia 1909 hadi 1918 aliongoza menejimenti ya Krupp, kampuni ya chuma na mizinga ya mjini Essen. Mabwana wa makaa ya mawe na chuma wa bonde la Ruhr walimwamini, wakamkabidhi fedha zao azitumie kujenga sauti ya kulinda maslahi yao. Mwaka 1916, vita vikiendelea, akaichukua kampuni ya Scherl ya Berlin, yenye gazeti la Berliner Lokal-Anzeiger. Mwaka 1927 akaongeza Ufa, kampuni kubwa kuliko zote za filamu nchini, pamoja na filamu zake za habari zilizotangulia kila onyesho la sinema.

Ukihesabu magazeti aliyoyamiliki kwa jina lake, hutamwelewa. Mjini Berlin wapinzani wake walimzidi: nyumba za Ullstein na Mosse, zenye msimamo wa kidemokrasia, ziliuza magazeti mengi zaidi. Nguvu ya Hugenberg ilikuwa mikoani, na ilikuwa nyuma ya pazia.

Ujerumani ya wakati ule ilikuwa na magazeti zaidi ya 3,000, mengi yakiwa ya mji mmoja tu. Fikiria mojawapo. Mwenye gazeti ndiye mhariri, ndiye mpiga chapa, na mashine karithi kwa baba yake. Hana mwandishi Berlin, hana uwezo wa kumlipa mtu akakae bungeni kusikiliza. Treni ya asubuhi inamletea kifurushi. Ndani mna vipande vya karatasi nene, ngumu kama boksi, vyenye mabonde ya herufi: habari na tahariri zilizokwisha kuandikwa, kuhaririwa na kupangwa na watu wa Hugenberg. Kazi yake ni kuyeyusha madini ya risasi, kuyamimina juu ya ile karatasi, kusubiri yapoe, kisha kulibandua bamba na kulifunga mashineni. Kwa bei ndogo, ukurasa umepatikana bila kupanga hata herufi moja.

Jioni msomaji analifungua gazeti lake. Juu kuna jina lile lile alilolizoea tangu utotoni. Matangazo ya vifo ni ya majirani zake, bei za nguruwe ni za gulio la juzi. Katikati ya ukurasa anazungumza Hugenberg, na msomaji hajui. Hili ndilo linalonitisha kuliko yote katika mkasa huu: imani iliyojengwa kwa miaka na mpiga chapa wa mji mdogo ilikopeshwa kwa mtu wa Berlin, na wasomaji hawakuulizwa.

Zaidi ya karatasi hizo, alikuwa na shirika la habari, Telegraphen-Union, lililolisha magazeti yapatayo 1,600. Alikuwa na Ala, wakala wa matangazo ya biashara, aliyeweza kuamua tangazo liende gazeti gani. Na alikuwa na kampuni za mikopo na ushauri kwa magazeti yaliyokwama. Mwaka 1923 sarafu ya Ujerumani ilipoporomoka hadi dola moja ikafikia marki trilioni 4.2, kununua karatasi tu kulikuwa mtihani. Waliokuja na mkopo walipokewa kwa mikono miwili. Aliyekukopesha, anayekuletea matangazo na anayekuletea habari wakiwa mtu mmoja, hahitaji kukuamrisha.

Mbinu hii haikufa naye. Nchini Hungaria, Novemba 2018, matajiri waliokuwa karibu na serikali ya Viktor Orbán, waziri mkuu wa wakati huo, walitoa bure vyombo vyao vya habari zaidi ya 400 kwa wakfu mmoja, na ndani yake yalikuwemo magazeti yote 18 ya kila siku ya mikoani. Huko lengo lilikuwa kubaki madarakani, lakini mlango ni ule ule: gazeti la mkoani, lenye jina la siku zote.

Turudi Ujerumani. Oktoba 1928 Hugenberg akachaguliwa kuongoza chama cha wahafidhina wa kizalendo, DNVP. Tatizo lake ni kwamba hakuwa na mvuto. Hotuba zake zilichosha, na chama chake kilikuwa cha wenye mashamba makubwa, maofisa na wazee wa kanisa. Alihitaji mtu wa kusisimua umati. Mwaka 1929 ukaja Mpango wa Young, uliopanga Ujerumani ilipe fidia ya vita hadi mwaka 1988. Hugenberg akaunda kamati ya kuupinga, akamkaribisha Hitler akae meza moja na viongozi wa maveterani na mabwana wenye heshima zao. Muswada wao ulikuwa mkali: kifungu cha 4 kilitaka mawaziri watakaotia saini mikataba ya namna hiyo wahukumiwe kama wahaini.

Kura ya maoni ikapigwa tarehe 22 Desemba 1929. Zilihitajika kura za ndiyo zaidi ya milioni 21. Zilipatikana chini ya milioni 6. Kwa hesabu hiyo Hugenberg alishindwa vibaya, na baadhi ya wabunge wake wakamkimbia.

Hitler hakushindwa. Miaka sita nyuma alikuwa mtu aliyejaribu kupindua serikali mjini Munich akaishia gerezani. Sasa, kwa miezi kadhaa, magazeti ya watu wa heshima yalikuwa yamemweka mbele ya wasomaji kama mshirika, mzalendo kati ya wazalendo. Mwalimu, mwenye duka au mkulima ambaye asingegusa gazeti la Wanazi alikutana na jina lake katika gazeti la nyumbani. Septemba 1930, mdororo ukiwa umekwisha kuingia kila nyumba, Wanazi wakapata asilimia 18.3 na viti 107, kutoka viti 12. Chama cha Hugenberg kikashuka kutoka asilimia 14 hadi 7. Sidai kwamba magazeti peke yake yalifanya hayo. Bila njaa ya mwaka ule hadithi ingekuwa nyingine. Ninachosema ni kwamba njaa ilipokuja, Hitler alikuwa tayari amebishiwa hodi na kukaribishwa ndani.

Je, Hugenberg hakuona? Aliona. Mwaka 1932 waligombana, na magazeti yake yakawashambulia Wanazi. Lakini adui aliyemchukia zaidi ilikuwa jamhuri yenyewe, pamoja na vyama vya wafanyakazi. Akaamini kwamba mwenye fedha, magazeti na uzoefu ndiye atakayeshika usukani, na Hitler atakuwa ngoma tu ya kuitia watu.

Asubuhi ya tarehe 30 Januari 1933, mawaziri wateule, Hitler akiwa kansela, yaani mkuu wa serikali, na Hugenberg akiwa mmoja wao, walisimama karibu na ofisi ya Rais Hindenburg wakisubiri kuapishwa. Hitler akataka uchaguzi mpya uitishwe. Hugenberg akakataa katakata, kwa sababu alijua nani angefaidika. Wakabishana pale pale, saa ya kiapo ikapita, wakaambiwa rais hawezi kuendelea kungojeshwa. Wakaingia wakaapa, na uchaguzi ukafanyika Machi 5. Wanazi walipata asilimia 43.9, wakashindwa kuvuka nusu ya kura. Asilimia 8 za upande wa Hugenberg ndizo zilizojaza pengo. Machi 23 wabunge wake wakapiga kura pamoja na Wanazi kumpa Hitler mamlaka ya kutunga sheria bila bunge.

Hugenberg alipewa wizara mbili, ya uchumi na ya kilimo. Juni mwaka huo alikwenda London kwenye mkutano wa uchumi wa dunia, akawasilisha waraka wa kudai Ujerumani ipate tena makoloni Afrika, miaka 43 baada ya hasira zake za Zanzibar. Tanganyika ilikuwa miongoni mwa yale yaliyopotea vitani. Wenzake wa ujumbe wakamkana. Mwishoni mwa mwezi huo huo akajiuzulu, na chama chake kikavunjwa. Ufa ikaishia mikononi mwa serikali mwaka 1937. Telegraphen-Union haikusubiri kiasi hicho: mwaka 1933 haujaisha ikaunganishwa na Wolff, shirika jingine la habari, yakawa shirika moja la serikali. Magazeti ya mikoani yakaendelea kupokea habari zilizopikwa Berlin kama yalivyozoea, ila sasa aliyezipika alikuwa Joseph Goebbels, waziri wa propaganda wa Hitler.