Gari la paa la kukunja Unguja: yanayosemwa barazani na lilivyo hasa

Ami yangu alirudi kutoka Uingereza na mabegi mawili na gari moja. Yeye hukaa huku miezi mitatu kwa mwaka, kwa hiyo mtunzaji wa gari ni mie. Nembo yake sitaitaja, maana lawama nyingine zilikuwa zetu. Lina milango miwili, ngozi kila mkono unapogusa, na paa la turubai linalojikunja lenyewe ukibonyeza kitufe. Kila ninapolisimamisha penye baraza hapakosi mtu wa kunieleza sifa na ila zake, na wengi huwa wanalielezea gari jingine kabisa.

La kwanza ni kwamba hili ni gari la mashindano. Silo. Herufi GT, ambazo magari ya aina hii hubeba kwenye jina, zinatokana na Kitaliano, gran turismo, safari kubwa. Chukua Bentley Continental GTC iliyoanza kuuzwa mwaka 2006: injini ya lita 6, silinda 12, turbo mbili, mwendo unaopita kilomita 300 kwa saa. Lakini uzito wake unakaribia kilo 2,500, zaidi ya Vitz mbili, na hakuna anayekwenda kushindana na mzigo huo. Limeundwa mtu atoke London asubuhi, alale kusini mwa Ufaransa bila mgongo kumuuma. Sasa kisiwa chetu kina urefu wa kilomita 85 hivi. Ukishika njia ya kusini, pale msitu wa Jozani kuna matuta yaliyowekwa kwa ajili ya kima punju, na juu ya tuta silinda 12 huenda sawasawa na bajaji. Ubaya wenyewe hasa uko kwenye vijisafari vya Mazizini hadi Darajani. Injini inazimwa kabla oili haijapata moto sawasawa, na unyevu na petroli isiyoungua vinabaki humo humo. Ndiyo maana oili mie nabadilisha kwa kalenda, sitazami kilomita.

"Kisiwani ndiko kwao, unafungua paa mchana kutwa." Aliyesema hivyo hajakalia ngozi nyeusi iliyopigwa na jua la Januari saa saba mchana. Tupo nyuzi 6 tu kusini ya ikweta, jua linasimama utosini. Mchana paa hufungwa na kipupwe huwashwa, kama gari lolote lile. Saa zake ni alfajiri na baada ya alasiri.

Na hapo, jamani, ndipo utakapoelewa watu wanatoa pesa kwa nini. Pita Bungi kiasi cha saa kumi na moja jioni, chini ya miembe ya Bikhole, yule binti wa Sultani Sayyid Said anayesemekana kuipandisha ile safu yote. Upo mwendo wa 40, injini huisikii, unasikia ndege na harufu ya majani. Hata kima akivuka unamwona macho yake. Msimu wa embe usisimame tu, kwa sababu utomvu ukidondokea turubai hautoki, na embe bivu likianguka kutoka juu si mchezo.

Viti vya nyuma usivihesabu. Nilimpandisha shangazi siku moja, kufika Kiembesamaki mtandio kaushika kwa meno. "Mwanangu, funga hicho kipaa chako," akaniambia, "mie sijaja kuruka." Kipo kiwambo cha wavu cha kuzuia upepo, lakini kinatandazwa juu ya viti hivyo hivyo vya nyuma, basi ukikifunga umebaki na gari la watu wawili.

Lipo hili la masika, ambalo hata mie nililiamini: kwamba turubai lazima livuje. Paa zuri lina tabaka kadhaa, na mvua ya Aprili hailipenyi. Maji yanaingia kwa njia nyingine. Pembeni mwa paa kuna mifereji midogo, na kila mmoja una mrija unaoshuka ndani ya bodi mpaka chini ya gari. Sisi tuna mwarobaini uani. Vijani vyake viliingia vikaziba mrija, maji yakakosa pa kwenda, yakashuka ndani. Nilijua kwa harufu kwanza, kama godoro lililolowa. Nilipoinua zulia upande wa abiria, sponji la chini lilikuwa limejaa maji, na katikati ya maji hayo kipo kisanduku cha umeme, miguu yake ya shaba imeota kutu ya kijani. Aliyeunda gari aliona chini ya zulia ndiyo mahali salama pa kuweka kompyuta.

Dawa yake niliipata kwa mvuvi: mshipi mnene wa jodari, ncha umeilainisha kwa moto, unaupitisha taratibu ndani ya mrija mpaka uchungulie chini. Pampu ya upepo usitumie, inaweza kuuchomoa mrija ndani usikofikia mkono. Na paa likiwa limelowa usilikunje. Likikaa siku mbili limekunjwa hivyo, utakuta kuvu.

"Gari ghali halipati kutu." Chumvi haiulizi bei. Alumini iliyomo kwenye magari haya haioti kutu kama chuma, kweli, lakini pale inapogusana na chuma penye chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Ukitoka Paje, osha chini ya gari kwa maji matamu. Nasema maji matamu kwa sababu nimeona watu wanaosha kwa maji ya kisima cha pwani yenye munyu, wakidhani wanalitunza.

Wengine wananishauri niliache tu limefunikwa, lisichakae. Kukaa ndiko kunakolimaliza. Kompyuta zake hula betri hata gari likiwa limezimwa, mipira ya paa inakauka, springi za hewa zinapungua mpaka gari linalala kama ng'ombe, na panya wanahamia. Tairi nazo huzeeka bila kwenda popote. Tazama tarakimu nne ubavuni: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019, hata kama kashata zake bado mpya.

Usalama hausumbui sana. Fremu ya kioo cha mbele imeimarishwa, na mengi ya aina hii yana vyuma nyuma ya viti vinavyochomoka vyenyewe gari likitaka kupinduka.

Pesa ndiyo inayosumbua. Watu wanaona lile la mtumba limeshuka mpaka bei ya Alphard nzuri, wanadhani wamebahatisha. Gari limeshuka bei, spea hazikushuka. Fundi wangu ni hodari wa Toyota, ila mashine yake ya kusoma hitilafu ikichomekwa kwenye gari hili inaandika herufi tupu. Springi moja ya hewa ilikuja ndani ya begi la binamu yangu kutoka Dubai, imeviringishwa kwenye mashuka, na gari lilisubiri wiki sita.

Na wanaosema, "Ukichoka utaliuza tu, wateja wapo." Ami kaniachia ruhusa ya kuliuza tangu mwaka juzi. Wanakuja, wanalizunguka, wanaomba nifungue paa, wanapiga picha wamekaa usukani. Mmoja tu ndiye aliyefikia kutaja bei, na alikuwa anataka rimu peke yake.